Zamu ya Kumi na Saba

Sisi madereva wa teksi wa Pravin tulikuwa ishirini na sita, na chaneli ya redio ilikuwa moja. Anayezungumza ni mmoja, waliobaki wanyamaze. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa siku hizi, kila mmoja na simu yake mfukoni, wanadhani maneno yanapita hewani bila kumsukuma mtu. Wakati ule, mwaka wa themanini na tatu, ukibonyeza kitufe cha redio ndani ya gari lako pale Streatham, ujue umemziba mdomo mwenzio aliye Wimbledon. Na kama ulichokisema ni upuuzi, basi umemnyima mtu riziki yake kwa upuuzi.

Ofisi ilikuwa Tooting, kusini mwa jiji kuu la Waingereza, juu ya duka la sari, unapanda ngazi nyembamba zinazonuka ubani na mafuta ya kukaangia. Pravin mwenyewe alizaliwa Unguja. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Darajani mpaka Mapinduzi yalipowatoa. Magari yalikuwa yetu, kila mtu na lake, lakini redio zilikuwa za Pravin, na kila redio ilikuwa na namba. Mteja anapiga simu ofisini, ofisi inatuita kwa namba na kutupangia nani aende wapi. Mimi Mbarouk nilikuwa sita.

Hewani tulizungumza Kiswahili, tena si kwa mapenzi ya lugha. Kampuni moja ya jirani ilikuwa inatusikiliza, na kila tukitaja mteja anangoja wapi, gari lao linafika kabla ya letu. Pravin akatoa amri. Wengi wetu tulitoka Unguja, Pemba, Mombasa au Nairobi, Wahindi kwa Waswahili kwa Wakikuyu, na asiyejua akafundishwa namba, kushoto na kulia. Jirani zetu wakabaki wanasikiliza na hawaambulii kitu. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyotarajia. Niliishi chumba kimoja Balham, peke yangu, na tangu nilipoiacha Malindi yetu ya Unguja sikuwahi kuisikia lugha yangu kutwa nzima. Sasa nilikuwa nayo asubuhi mpaka jioni, inatoka kwenye kisanduku chini ya dashibodi, na nikizima gari inanyamaza. Nilikuwa napitisha muda nimekaa ndani ya gari mlangoni kwangu, injini inaunguruma, sina kazi na sitaki kuteremka.

Aliyekuwa akiigawa chaneli ile ni Bi Mwatima, Mpemba wa Chake Chake, mwanamke wa miaka hamsini hivi. Kwenye kampuni nyingine kazi hiyo ilikuwa ya wanaume wenye sauti za kufokea. Pravin alimwajiri baada ya kumkuta sokoni akigombana na muuza samaki kwa upole, kidogo kidogo, mpaka yule bwana akamwomba radhi na kumwongezea samaki.

Na alihitajika mtu kama yeye, kwa sababu redio zile zilikuwa na dhuluma ndani yake. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, ofisini husikika mwenye nguvu, yaani aliye karibu na mwenye redio mpya. Wa mbali humezwa, wala hajui kwamba amemezwa. Anabaki anazungumza na kioo cha gari lake. Kabla ya Bi Mwatima, kazi zote nzuri ziliishia kwa wale walioegesha pale pale Tooting Broadway, wanakunywa chai na kubonyeza. Waliokuwa Kingston au Morden walirudi nyumbani na njaa.

Bi Mwatima alikuja na mpango wake. Kila kazi zikiingia alisema, "Wa karibu nyote nyamazeni. Nawataka wa mbali kwanza." Sote tunaondoa vidole, hewa inatulia, na sauti ndogo zinaanza kujitokeza moja moja huko mbali. Namba, mahali, basi, unaacha. Akimaliza wa mbali anakuja kwetu. Hakuna aliyerudi nyumbani bila kitu na hakuna aliyeneemeka sana. Mimi nimefanya kazi chini ya watu wengi nchi hii, na sikupata kuona haki iliyogawanywa vizuri vile.

Wa mbali kuliko wote alikuwa Matar, namba kumi na saba. Alikuwa mzee kidogo, wa Wete, mpole, mkewe alifariki zamani. Redio yake ilikuwa mbovu kuliko zote na alipenda kuegesha kule Kingston karibu na mto, kwa kuwa hakuna dereva mwengine aliyekwenda kule. Kwa hiyo kila asubuhi wa kwanza kusikika alikuwa yeye. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Ami Matar, nilivyokuwa nikimwita kwa heshima, hakuweza kumwambia mtu jambo bila kumsalimia. Mtu wa kwetu hawezi, labda awe amegombana naye.

"Sabalkheri, Bi Mwatima. Umeamkaje?"

"Sabalkheri, kumi na saba. Nimeamka salama. Wewe je?"

"Alhamdulillahi. Baridi tu. Ule mguu vipi?"

"Umepoa. Uko wapi?"

"Kingston."

Ni hayo tu, na wenzangu walikuwa wakilalamika kama kwamba wanasomewa hotuba ya rais. Mimi nilikuwa nayangoja. Nilikuwa nakunywa chai yangu huku nasikiliza watu wawili wanaulizana hali, na nikajiona na mimi nimeulizwa.

Malalamiko yalifika kwa Pravin, na Pravin, mtu asiyependa ugomvi, akatuita ofisini Jumatatu moja. Tulijazana ngazini mpaka chini, na kumi na saba hakuwepo kwa sababu alikuwa amepeleka mgonjwa Croydon. Pradip, namba mbili, mzaliwa wa Mombasa na mwenye redio mpya kuliko zote, ndiye aliyeanza.

"Kumi na saba anapewa kwanza kila siku. Kwa nini? Sababu ni mtu wa kwao."

"Anapewa kwanza kwa sababu yuko mbali," Pravin akasema. "Hata Njoroge akiwa mbali anapewa kwanza."

"Mimi sina ubaya na yule mzee," Njoroge akasema. "Lakini mama akiongea na yeye, sauti inabadilika. Sisi wote tunasikia. Si tuseme ukweli?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa chuki, lakini walicheka, na mwanamke yule alikuwa amekaa mbele yao na vyombo vyake vya kusikilizia redio shingoni, mtu aliyeacha kila kitu ila jina lake jema. Nilimwona anautazama mkono wake. Nilitaka kusema neno, lakini nilijua nikisema watasema na mimi Mzanzibari, wamekutana.

"Basi," alisema Bi Mwatima. "Kuanzia kesho, kumi na saba ni wa mwisho. Akiwa mbali, akiwa karibu, wa mwisho. Na salamu hewani hakuna, kwa yeyote."

"Bi Mwatima, sikusema hivyo," Pravin akasema.

"Nimesema mie."

Na akafanya. Kesho yake aliwachukua wa mbali wote, akawachukua wa karibu wote, kisha ndipo akaita kumi na saba. Zile kazi zilizobaki, za watu wenye mbwa waliorowa na safari za mtaa wa pili, ndizo zikawa zake. "Kumi na saba, Kingston," alikuwa akisema Ami Matar, na anaacha kitufe. Salamu zimekwisha. Majira ya baridi yote yalipita hivyo. Nilikasirika mpaka nikawa simjibu Pradip tukikutana. Lakini nilichukizwa zaidi na Bi Mwatima, maana niliona wazi anachokifanya: kwa kuogopa kuambiwa amempendelea, alimpa yule mmoja pungufu ya haki yake, na yeye mwenyewe alikuwa anaumia. Sauti yake ilianza kuwa kavu kwa watu wote.

Mwezi wa tano Ami Matar aliniomba tukutane kwenye mkahawa mmoja Wimbledon. Alivaa tai. Nikajua kuna jambo.

"Mbarouk, mwanangu, nataka unifanyie kazi. Kwetu kazi hii hufanywa na mtu mzima mwenye heshima zake."

"Basi umekosea mtu, Ami."

"Najua. Lakini sina mwengine."

Akanieleza. Kaka yake alikuwa Maskati, kama wengi wetu waliokimbilia Omani miaka ile, na kwa muda mrefu alikuwa akimwita. Sasa alikuwa amemtafutia kazi ya ofisi na mke pia, mjane mwenye nyumba yake. Tikiti ilikuwa tayari, ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita. Gari lake la Datsun alikuwa ameshalipata mnunuzi, Vijay, kijana mpya aliyetaka kuingia kwetu, na redio na namba vingeenda pamoja na gari.

"Nikipanda ndege ile, nimekubali," akasema. "Yule mwanamke ameshaambiwa. Sitomdhalilisha mtoto wa watu kwa kubadilisha neno nikishafika. Lakini moyo wangu, Mbarouk, uko juu ya duka la sari."

Nikamuuliza, "Umewahi kuzungumza naye?"

"Kila siku."

"Nje ya redio."

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Siku moja nilipeleka kodi ya redio, akanambia nifunge mlango, baridi inaingia."

Sikucheka, ingawa nilitaka. Mimi pia sauti za watu ishirini na zaidi nilizijua, na sura zao chache sana. Aliniomba nimpelekee posa Bi Mwatima. Akikubali, tikiti ataichana, atarudisha pesa za Vijay, ataendelea kuegesha Kingston mpaka afe. Asipokubali, ataondoka na hatomlaumu.

Nilikwenda Jumapili. Bi Mwatima alikaa kwenye ghorofa za halmashauri huko Mitcham, ghorofa ya tatu. Binti yake Mwanamwema alikuwa ameolewa Barking, upande wa pili wa jiji, na wajukuu walikuwa wakija sikukuu kwa sikukuu, anawasemesha Kiswahili, wanamjibu Kiingereza. Mezani palikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa kimejaa nguo za kupiga pasi. Aliziondoa ili nikae, na nikaona hakuna mtu aliyekuwa amekikalia siku nyingi.

Nikaisema posa kama nilivyowasikia wazee wakisema nilipokuwa mdogo, nikaisahau katikati, nikaimaliza nilivyoweza. Alinisikiliza akikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Unajua mie niliolewa vipi?" akauliza. "Ami yangu aliulizwa, akajibu. Kaka yangu aliulizwa, akajibu. Hata jirani aliulizwa. Nyumba nzima iliulizwa isipokuwa mie. Marehemu hakuwa mbaya, Mungu amrehemu, lakini mie sikuulizwa."

"Sasa umeulizwa, Bi Mwatima. Nipe jibu nimpelekee."

"Sikupi."

"Mimi ndiye mshenga!"

"Na umeshafanya kazi yako, baba. Kunywa chai. Jibu n'tampa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mwambie Jumamosi, siku anayoondoka, aniite hewani."

"Hewani? Watu wote wanasikia!"

"Ndiyo nnachotaka. Walinisingizia kwa ya hewani, watanisikia hewani. Wasije kusema tulikuwa tunafichana." Hapo macho yake yakawaka, na nilimwona jinsi alivyokuwa msichana. "Lakini n'tangoja chaneli iwe tupu. Sichukui sekunde ya mtu. Watu wale wana watoto wanaowalisha. Kazi zikitulia, hewa yote itakuwa ya Matar, aseme na nimjibu, taratibu, tusalimiane kama watu."

Nilimwambia Jumamosi si siku ya kuchezea, na kwamba Vijay atampeleka mzee uwanja wa ndege mchana kwa ile Datsun, na Kingston ikishapita redio yetu haifiki. Akasema Jumamosi saa sita kila mara huwa pametulia. Ilikuwa kweli. Niliondoka nikijua jibu lake. Lakini kujua si kuambiwa, na mshenga hapeleki anachokidhani. Nilimwambia Ami Matar aite Jumamosi, basi. Laiti ningekuwa na adabu ndogo zaidi.

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu asubuhi, mvua ya kijinga ya mwezi wa sita, na kulikuwa na harusi mbili kubwa za Kigujarati, moja Balham na moja Tooting, na waalikwa waliokuwa wamepanga kwenda kwa miguu wote walipiga simu kwetu. Niliisikia simu ya ofisini ikilia nyuma ya sauti ya Bi Mwatima kila alipobonyeza. Mimi nilikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza, kapakata keki ya harusi ya ghorofa mbili, naendesha polepole kutoka Wimbledon ili isianguke.

Kabla ya saa sita ile sauti nyembamba ikaingia.

"Bi Mwatima, kumi na saba hapa."

"Nimekusikia, kumi na saba. Ngoja niwamalize hawa. Wewe wa mwisho."

Niliisikia furaha katika sauti yake, wazi kabisa. Lakini mimi nilikuwa na redio nzuri, na nilikuwa nimekaa nyumbani kwake nikanywa chai. Katika kile kisanduku kibovu cha Datsun yalifika maneno tu, na maneno yalikuwa yale yale aliyoambiwa kila siku tangu majira ya baridi.

"Haya, Bi Mwatima," akasema.

Bi Mwatima akaendelea. Tano nenda Balham, tisa wanawake wanne na mtoto, ishirini na moja rudi ulikotoka, umempita. Alikuwa anaifungua chaneli ile kipande kwa kipande ili ampe yule mzee ikiwa nzima, na kila alipomaliza mmoja simu ilileta wawili.

"Kumi na saba, Wimbledon," mzee akaita tena.

"Bado kidogo."

Nilivunja sheria. Nilibonyeza. "Sita hapa. Bi Mwatima, mtu huyu anaondoka!"

"Sita, una abiria?"

"Ninaye."

"Basi endesha, toka hewani."

Bibi wa keki akaniuliza kama kuna mtu mgonjwa. Nikamwambia ndiyo, maana sikuwa na neno jengine. Nikasimamisha gari kando ya barabara, mvua inapiga, nikapandisha sauti ya redio. Baada ya dakika moja hewa ikawa tupu kwa sekunde chache, na hapo Ami Matar akaita tena, safari hii bila namba. Wakati huo huo Pradip naye akabonyeza, amesimama hatua chache kutoka ofisini na ile redio yake mpya. Nimeshasema inakuwaje wawili wakibonyeza pamoja. Ofisini alisikika Pradip, anauliza jina la ukumbi. Mimi nilikuwa upande wa Wimbledon, karibu na Datsun, kwa hiyo niliyemsikia ni mwengine.

"Bi Mwatima, nimeelewa," Ami Matar alisema. "Sina kinyongo. Nakutakia kheri."

Nilibonyeza ili nimwambie asiende, angoje, nimeuona uso wa Bi Mwatima, lakini Pradip alikuwa bado anaongea, kisha Bi Mwatima anamjibu, kisha Njoroge, na nilipopata nafasi na kumwita kumi na saba hakukuwa na mtu. Mlima wa Kingston ulikuwa umeshamficha. Nilipiga usukani kwa ngumi mpaka bibi akaikumbatia keki yake.

Nilimpeleka. Nifanye nini? Kumkimbiza Datsun na harusi ya watu ndani ya gari? Niliporudi barabarani kazi bado zilimiminika, na nilipojaribu kuongea niliambiwa ningoje zamu yangu kama wengine. Nikangoja. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumezoeshwa na mwanamke yule, na hapo kabla nilikuwa najivunia.

Ilipofika saa nane, simu zikanyamaza. Watu wote walikuwa wameshafika harusini. Bi Mwatima akabonyeza, na nilimsikia anakohoa kidogo, anasafisha koo.

"Wote nyamazeni," akasema. "Naomba hewa. Kumi na saba."

Kimya.

"Kumi na saba, zamu yako."

Mimi ndiye niliyejua kwamba ameshaaga, mimi peke yangu kati ya wote, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikuwa na la kusema ambalo lingeweza kusemwa mbele ya watu.

"Unaona haya," akasema. "Basi usijibu, sikiliza. Masalkheri, Bwana Matar. Habari za tangu siku zile? Mguu wangu umepoa kabisa. Samahani kwa kukuweka, leo kulikuwa na kazi nyingi. Mshenga wako alifika, akakosea maneno, lakini nilimwelewa." Akavuta pumzi. "Nimekubali. Mie Mwatima binti Hamad nimekubali, kwa mdomo wangu, na hawa wote ni mashahidi. Usiende Maskati."

Akaachia kitufe ili ajibiwe. Hakuna aliyegusa redio yake. Hata Pradip. Tulimsikia sote, Balham, Streatham, Morden, mpaka wale waliokuwa hawajui Kiswahili zaidi ya kushoto na kulia walielewa kuwa kuna jambo, na sote tulikaa kimya tukimngojea mtu mmoja azungumze.

Kisha ikaja, dhaifu, kutoka upande wa Kingston.

"Kumi na saba hapa."

Niliisikia pumzi yangu mwenyewe.

"Kumi na saba hapa, Vijay. Ndio redio imeshika sasa hivi, nimerudi range. Nimeshamshusha Mzee Heathrow, ameingia ndani, ndege yake walikuwa wanaita tayari. Nimesikia naitwa mwishoni. Kuna job?"

Bi Mwatima akabonyeza na hakusema kitu. Akishika kitufe ofisini, sisi sote hatuwezi kuongea, na mwanamke yule, ambaye kwa miaka yote hakupata kupoteza pumzi moja ya hewa ya watu, aliishika chaneli nzima ikiwa tupu. Tuliisikia saa ya ukutani. Tulimsikia Pravin anamwita jina lake kwa sauti ya chini, halafu kiti kinavutwa. Tulisikia simu inaanza kulia, inalia, inakatika, inalia tena.

"Kumi na saba, Kingston," akasema. "Nimekupata. Nenda stesheni ya Norbiton, kuna mtu na mizigo yake anangoja kwenye mvua."

Vijay akasema sawa. Bi Mwatima akaita anayefuata, na anayefuata nilikuwa mimi.